Mwongozo kamili: kalsiamu ya binti anayekua, kwa dagaa na ufuta wa huku kwetu Mtwara na Lindi

Naandika hii mara moja nisirudie tena, mana kila wiki napigiwa simu na mama mwingine, dada nimesaga dagaa kama ulivyoniambia ila mtoto hali, dada unga umejaa michanga, dada kabati zima linanuka, na mwisho wa yote unga unaishia kwa kuku. Kuku wanapata mifupa mizuri, binti anabaki na ugali wa muhogo na chai ya rangi.

Nikiwauliza mlifanyaje, nakuta kosa lilelile kwa sura mbili. Dagaa wamekatwa vichwa, na ufuta umetolewa ganda ili uonekane mweupe mzuri. Sasa kalsiamu ya samaki mdogo iko kwenye mifupa na kichwa, na ya ufuta iko kwenye ganda! Ufuta wenye ganda lake una kama miligramu 975 za kalsiamu kwa kila gramu 100, ukishautoa ganda haifiki hata 150. Yaani kile tunachokitafuta tunakitupa jalalani halafu tunakimbilia duka la dawa kuulizia vidonge.

Kuhusu kwa nini nasisitiza umri huu, nitasema kidogo tu. Binti wa miaka 9 hadi 18 anatakiwa apate karibu miligramu 1300 kwa siku, mama yake anahitaji kama 1000. Mtoto anahitaji kuliko mtu mzima, ndio. Kipindi kile anachokaribia kuvunja ungo na mwaka mmoja miwili baada ya hapo ndipo mifupa inapojaza kwa kasi kuliko wakati wowote wa maisha yake, na akifika 18 karibu asilimia 90 ya mifupa atakayoishi nayo imeshajengwa. Kwaiyo ile habari ya "atakula tu akikua" mimi huwa siielewi.

Halafu chakula chetu cha kila siku kina kalsiamu kidogo sana. Sembe karibu hamna kitu, muhogo kidogo, mchele kidogo. Na korosho, samahani wenzangu, korosho tunayojivunia ina kama miligramu 37 tu kwa gramu 100. Ni nzuri kwa mengine, kwa mifupa hapana.

## Andaa hivi kabla hujawasha moto

- Dagaa wakavu wa baharini nusu kilo, wazima, vichwa vikiwepo. Dagaa mchele ndio wazuri zaidi, mifupa yao laini.
- Ufuta nusu kilo, na ganda lake.
- Majani ya mlonge, mafungu mawili matatu. Kama una mti nyumbani hununui.
- Unga wa ulezi kilo moja.
- Maziwa au mtindi ukipata. Usipopata tutaenda hivyohivyo.
- Ndimu nne na tangawizi mbichi.
- Kinu na mchi, au blenda ya kusagia vitu vikavu.
- Chekeche yenye matundu madogo, ile ya unga wa uji wa mtoto.
- Kikaango kizito au chungu.
- Chupa mbili za kioo zenye mfuniko unaobana, ziwe kavu kabisa.
- Kijiko kimoja cha chakula, hichohicho kila siku, usibadilishe, ndio kipimo chetu.

Kuhusu bei, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali wanapungua na bei inapanda. Ukiwa Mtwara mjini au Lindi au Kilwa angalia mwezi kwanza ndio uende sokoni, nunua kipindi cha giza. Watu wa Newala, Masasi, Nachingwea na Liwale nyie mnaletewa tu, nunueni wa mwezi mzima wakishuka bei.

Na wewe mkulima wa ufuta, kabla hujapeleka mzigo ghalani bakisha debe moja la nyumbani. Tunalima ufuta, wanaoula ni Wachina na Wajapani, sisi watoto wetu wanauona kwenye magunia tu.

## Hatua ya 1: Chagua dagaa

Chukua mmoja umpinde. Akikatika kwa mlio huyo amekauka, akijikunja tu kama mpira bado ana maji na ukimsaga ataota ukungu ndani ya chupa.

Angalia tumbo. Likiwa limegeuka njano njano kama limepakwa mafuta mabovu, acha. Hiyo harufu kali mnayolalamikia inaanzia hapo, haianzii kwenye kusaga, na hakuna ndimu itakayoiondoa.

Muulize muuzaji wameanikwa wapi. Waliokaushwa juu ya chanja ni afadhali kuliko wa chini mchangani. Halafu onja mmoja, mana wengi wanachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, wengine chumvi imezidi mpaka ulimi unawasha.

## Hatua ya 2: Osha, na hapa ndipo wengi mnaferi

Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni kubwa, mimina dagaa, wavuruge taratibu kwa mkono. Mchanga utazama chini.

Sasa usimwage maji kupitia kwenye chujio! Ukimwaga hivyo mchanga wote uliokuwa chini unarudi juu ya dagaa, umefanya kazi bure. Waopoe dagaa kutokea juu kwa vidole, waweke kwenye beseni la pili lenye maji mapya, kisha la tatu. Wale wenye chumvi kali waache kwenye maji ya pili dakika kumi, zisizidi.

Chumvi naipigia kelele kwa sababu hii: ikizidi mwilini inatoka na kalsiamu kwenye mkojo. Kama gramu 6 za chumvi, kijiko kidogo cha chai hivi, zinaweza kuondoka na miligramu 40 za kalsiamu. Unaweka huku inatokea kule.

Maji ya mwisho kamulia ndimu mbili na tangawizi iliyopondwa, dakika tano, opoa, anika juani juu ya wavu na funika na neti nzi wasikae. Jua letu la huku siku moja inatosha, wakati wa mvua siku mbili.

Ukitaka kujua umefaulu, pitisha vidole chini ya beseni la mwisho, usisikie chembe. Ukisikia hata kidogo rudia, mana mchanga ukishaingia kwenye unga hautoki tena.

Vichwa vibaki. Ila dagaa aliyezidi unene wa kidole toa utumbo, unaleta uchungu.

## Hatua ya 3: Kaanga bila mafuta

Moto mdogo wa mkaa, kikaango kizito, wageuze muda wote kama dakika 10 mpaka 15. Usiondoke kwenda kuchati na simu, wanaungua mara moja na unga wa dagaa walioungua ni mchungu, mtoto ataukataa siku ya kwanza na hutamrudisha.

Sikiliza sauti. Mwanzo wanateleza kimyakimya, wakishaiva wanagongana kwa mlio mkavu kama unapepeta choroko. Chukua mmoja ponda kichwa chake kwa kidole gumba na cha shahada, kikivunjika chote na kuwa unga, ipua. Kikibaki na kitu kigumu kama kucha ndani, endelea kidogo.

Waache wapoe kabisa. Ukitwanga wa moto mvuke wao unalowesha unga.

## Hatua ya 4: Twanga, chekecha, rudia

Mashine ya kusaga sembe usihangaike nayo, mwenye mashine atakufukuza na ana haki, unga wa watu wote wa siku ile utanuka samaki. Kinu au blenda.

Twanga kidogo kidogo, chekecha. Juu ya chekeche yatabaki machicha magumu. Mara yangu ya kwanza mimi niliyakung'uta uani kwa kuku, nikijiona fundi kweli unga wangu laini. Bibi jirani alikuwa amekaa barazani anachambua mboga, hakuinua hata uso, akaniuliza tu, "Na hiyo mifupa umempa nani?"

Nikasimama na chekeche yangu mkononi. Kilichobaki juu ni mifupa na mafuvu, kilichopita chini sehemu kubwa ni nyama. Nilikuwa nimemwandalia mtoto wa dada yangu nyama ya unga, kalsiamu nikamwagia kuku.

Kwaiyo yale machicha yarudishe kinuni, twanga tena, chekecha, rudisha tena. Mara tatu, mara nne mpaka kinachobaki hakijai hata kijiko. Hapo ndipo mikono inauma na hapo ndipo watu wanaachia, ukiweza muite mtu mpokezane mchi.

Chukua unga kidogo sugua kati ya vidole. Ukiwa laini kama sembe, hakuna kinachochoma, umefaulu. Harufu iwe ya samaki wa kuchoma. Jaza chupa, funga, weka mbali na jua. Nusu kilo inatoa kama gramu 400 hivi.

## Hatua ya 5: Ufuta

Pepeta, osha kwa mtindo uleule wa kuzamisha mchanga, ila hapa ufuta mzuri unaelea mwingine, tumia chujio la nguo usipoteze. Anika ukauke.

Kaanga moto mdogo mpaka uanze kurukaruka na kunukia, dakika chache tu. Twanga ukiwa bado na joto kidogo, mafuta yanatoka na unakuwa kama uji mzito wa karanga. Ni lazima utwangwe, mana punje nzima mtoto haitafuni, inapita ilivyo na unaiona kesho chooni.

Tahadhari mbili. Ufuta ukinusa ukungu au ukionja uchungu tupa wote, usichague, vitu vya mafuta vilivyoota ukungu vina sumu isiyoondoka kwa kukaanga. Ya pili, lile ganda lenye kalsiamu lina pia kitu kinachoibana isinyonywe yote, mwili unachukua kama sehemu moja ya tano, wakati kwenye maziwa inachukua karibu theluthi. Ndio maana ufuta ni msaidizi, dagaa ndio mwenye shughuli. Kalsiamu ya mifupa ya samaki wadogo inanyonywa vizuri, haipishani sana na ya maziwa.

Tengeneza wa wiki mbili tu kila mara, unachacha haraka na hili joto letu.

## Hatua ya 6: Mlonge, na neno kuhusu mchicha

Majani ya mlonge chambua vijiti, osha, anika kivulini siku mbili tatu mpaka yavunjike, twanga. Juani yanageuka rangi ya majani makavu na mengi mazuri yanapotea. Kijiko kimoja cha unga wake ni kama miligramu 100 na zaidi.

Mchicha watu wanausifia na karatasini kalsiamu unayo, tatizo inabanwa, kinachoingia mwilini ni kidogo. Upike tu, una faida nyingine, ila usiuhesabu hapa.

## Hatua ya 7: Ratiba ya siku

Namba zote hapa ni miligramu za kalsiamu. Makadirio yangu nayaweka chini makusudi, dagaa wanatofautiana.

Asubuhi. Uji wa ulezi, kama gramu 50 za unga, hapo una 170. Weka kijiko kimoja cha ufuta uliotwangwa, 85. Ukipata nusu glasi ya maziwa ongeza, 150.

Mchana. Ugali na mboga ya majani, vijiko viwili vya unga wa dagaa ndani ya mboga dakika za mwisho, 300. Mlonge kijiko kimoja, 100.

Saa kumi. Ufuta tena kijiko kimoja, kwenye kiazi au muhogo wa kuchemsha, 85. Au kashata ya ufuta kama sukari si nyingi.

Usiku. Dagaa wazima wa nazi, gao moja la mkono wake, kama gramu 25 wakiwa wakavu, 400 hivi. Wale na vichwa.

Jumla inagonga karibu 1290. Bila maziwa unabaki kwenye 1140, bado uko mbali sana na wenzako wanaoishia 300. Mwenye uwezo wa glasi ya mtindi kila siku ashukuru, glasi moja ni 300 peke yake, na kwa anayejazwa tumbo na maziwa mtindi unamkubali zaidi.

Sasa ile kesi ya "mtoto hali". Mlimuwekea vijiko viwili siku ya kwanza, na binti wa miaka 13 ananusa kitu kabla hujafunua sufuria. Anza na nusu kijiko cha chai kwenye mchuzi wa nazi wenye nyanya na pilipili, wiki nzima. Wiki ya pili kijiko cha chai kizima. Wiki ya tatu kijiko cha chakula. Usimfiche, mwambie unaweka nini na kwa nini, mana akigundua mwenyewe hatakula hata mchuzi usio na kitu. Na kwenye uji usitie dagaa kabisa. Uji ni wa ufuta na ulezi, mimi nimejaribu, msirudie.

Wa bweni mpe chupa yake aende nayo, anyunyizie kwenye maharage. Wanaotoka alfajiri kutembea kwenda sekondari bila kula, uji upikwe usiku uwekwe kwenye chupa ya chai.

Na mwali akiwa ndani kwenye unyago, zile siku anakaa kivulini na analishwa na wengine, ongea na kungwi mapema umkabidhi chupa. Kungwi akisema kula binti anakula, mimi na wewe tunabembeleza miezi mitatu.

## Hatua ya 8: Jua na kuruka

Kalsiamu bila vitamini D inapita tu, na vitamini D ngozi inaitengeneza ikipigwa na jua. Jua huku tunalo mwaka mzima. Uso na mikono wazi, dakika 20 hadi 30, kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, siku nyingi za wiki. Kwa wanaovaa hijabu na baibui si tatizo, aoshe vyombo uani akiwa amekunja mikono mpaka juu ya viwiko, inatosha. Kupitia kioo cha dirisha haihesabiki.

Halafu aruke. Mfupa unakazana pale unapogongwa, kwaiyo kamba, rede, netiboli, kukimbia, dakika kumi kumi mara tatu kwa wiki zina maana. Mkimkataza kucheza rede eti ameshakua mnamnyima hiki.

## Vya kutochanganya

Vidonge vya kuongeza damu avimeze mbali na mlo wa dagaa au maziwa, apishanishe kama masaa mawili hivi, mana kalsiamu na madini ya chuma zinagombania mlango mmoja. Chai ya rangi nayo asinywe na chakula, inabana chuma.

Soda si sumu, ila ikikaa nafasi ya mtindi ni hasara.

Udongo na chaki. Najua mabinti wengi wanatafuna, wengine wanasema "si ndio kalsiamu". Hapana. Udongo unabana madini ya chuma na unaleta minyoo, na hamu yenyewe mara nyingi ni dalili ya damu kupungua. Apimwe damu.

Vidonge vya kalsiamu ni vya asiyeweza kula kabisa, na amuone mtaalamu kwanza. Soma vizuri, kidonge kilichoandikwa kalsiamu kaboneti miligramu 500 kina kalsiamu yenyewe 200 tu. Kimezwe na chakula, na kalsiamu isizidi 500 kwa mkupuo mmoja. Kama yuko kwenye dozi ya doksisaiklini au siprofloksasini amwambie mhudumu, kalsiamu inaziharibia kazi.

Mwenye mzio wa samaki au ufuta, au mgonjwa wa figo, mwongozo huu haumhusu.

## Peleka hospitali usisubiri dagaa

Akivunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu. Miguu ikipinda. Mifupa ikiuma usiku au akishindwa kusimama kutoka kuchuchumaa. Amefika 15 hajavunja ungo, au alikuwa anapata siku zake zikakatika miezi mitatu.

## Utajuaje inafanya kazi

Mifupa huioni, na mwezi mmoja hautaona tofauti yoyote kwa macho, msinipigie. Unachopima ni chupa. Vijiko viwili kwa siku ni kama gramu 16, kwaiyo chupa ya gramu 400 kwa mtoto mmoja inaisha siku ya 25 hivi. Bandika karatasi, andika tarehe uliyoijaza. Ikiisha siku ya 10 kuna mtu mwingine anakula, kwangu alikuwa mjomba. Siku ya 25 ikifika na chupa iko nusu, rudi hatua ya 7, anza tena na nusu kijiko cha chai.